Jinsi ya kuchagua na kutumia darubini elekezi Kasese na Bwera, mahali isikoonekana Nyota ya Kaskazini

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, imekatwa na mstari wa Ikweta. Kwa sababu hiyo, mtu anayetazama anga la usiku kutoka mjini Kasese au Bwera huweza, katika kipindi cha mwaka mmoja, kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini: Kilimia, Orioni, Msalaba wa Kusini na kitovu cha Njia ya Maziwa. Ni bahati ambayo wapigapicha wa nyota walioko Ulaya au Amerika ya Kaskazini hawana.

Hata hivyo, bahati hiyo ina gharama yake. Maelekezo mengi ya upigaji picha za nyota yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na Ikweta, na huanza na agizo moja: tafuta Nyota ya Kaskazini, kisha uelekeze mtambo wako kwake. Kasese na Bwera agizo hilo halitekelezeki. Anayenunua vifaa kwa kulifuata huweza kutumia akiba ya miezi mingi na kuambulia picha zenye nyota zilizovutika kama michirizi.

Makala haya yanaeleza kifaa kidogo kinachosaidia kuziba pengo hilo, yaani darubini elekezi: ni nini, huchaguliwa vipi, hutumiwa vipi, na ni mambo gani haiwezi kuyafanya.

Kwa nini nyota huvutika katika picha?

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwetu sisi tulio juu yake, ni nyota ndizo zinazoonekana kusogea kutoka mashariki kwenda magharibi. Jicho halioni mwendo huo kwa dakika moja au mbili, lakini kamera huuona.

Wanaastronomia hugawa digrii 1 katika sehemu 3,600, na kila sehemu huitwa sekunde ya tao. Mwezi mpevu, kwa mfano, una upana wa takriban sekunde za tao 1,800. Nyota iliyo juu ya Ikweta ya anga, yaani mstari unaoligawa anga nusu ya kaskazini na nusu ya kusini, husogea sekunde za tao 15 katika kila sekunde moja ya saa.

Chukua kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 200. Kila pikseli ya kamera hiyo hufunika takriban sekunde 4 za tao angani. Maana yake ni kwamba katika sekunde moja tu, nyota huwa imepita pikseli zaidi ya tatu. Wingu la gesi lililomo katika Orioni huhitaji kamera iachwe wazi kwa dakika moja, mbili au zaidi. Bila msaada, haiwezekani.

Ndiyo maana wapigapicha hutumia mtambo wa kufuatilia nyota. Ni mtambo wenye injini ndogo unaoizungusha kamera polepole, kwa kasi ileile ya Dunia lakini kwa upande wa pili. Ili ufanye kazi, mhimili wake lazima uwe sambamba na mhimili wa Dunia. Hapo ndipo Nyota ya Kaskazini huingia, kwa kuwa iko karibu sana na mahali ambapo mhimili wa Dunia unaelekea.

Tatizo la Ikweta

Urefu wa Nyota ya Kaskazini juu ya upeo wa macho hulingana, kwa kukadiria, na umbali wa mtazamaji kutoka Ikweta kwa digrii. Mjini London huonekana kwenye digrii 51. Mji wa Kasese uko sehemu ndogo tu ya digrii moja kaskazini mwa Ikweta, na Bwera iko karibu zaidi, kilomita chache tu kutoka kwenye mstari wenyewe. Kwa hesabu, nyota hiyo huko hubaki takriban digrii 1 juu ya upeo wa macho hata inapokuwa imefika juu kabisa.

Nyota iliyo chini kiasi hicho humezwa na vumbi, moshi na unyevu wa hewa. Aidha, upande wa kaskazini wa Bwera umezibwa na milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Mlima huo hufunika digrii kadhaa za anga, na Nyota ya Kaskazini hubaki nyuma yake usiku kucha. Kugeukia kusini hakusaidii, kwa sababu ncha ya kusini ya anga nayo iko kwenye upeo wa macho, na haina nyota angavu karibu yake.

Jambo la pili ni kwamba Ikweta ya anga hupita utosini. Nyota zinazosogea kwa kasi kubwa zaidi katika picha ndizo zilizo mahali pazuri zaidi pa kupigwa picha. Kosa lolote la mtambo huonekana hapo kuliko kwingineko.

Darubini elekezi hufanya nini?

Darubini elekezi ni darubini ndogo inayofungwa sambamba na lenzi au darubini kuu, ikiwa na kamera yake ndogo. Haipigi picha unayoikusudia. Kazi yake ni kuitazama nyota moja au kadhaa, na kuripoti kwenye kompyuta kila mara nyota hizo zinaposogea kutoka mahali pake.

Programu ya kompyuta hupima kusogea huko na kuutumia mtambo amri ya kurekebisha: songa mbele kidogo, rudi nyuma kidogo. Kwa kawaida marekebisho hayo hufanyika kila baada ya sekunde 1 hadi 3, usiku kucha. Programu inayotumiwa sana kwa kazi hii ni PHD2, nayo hupatikana bila malipo.

Marekebisho hayo yanahitajika hata pale mtambo unapokuwa umeelekezwa vizuri, kwa kuwa meno ya gia hayakuchongwa kwa usahihi kamili. Mitambo midogo huyumba kwa makumi ya sekunde za tao katika kila mzunguko wa gia yake, ambao kwa kawaida huchukua dakika chache.

Kwa mtu aliye Kasese au Bwera, darubini elekezi ina kazi nyingine inayotangulia hiyo. Kwa kuwa Nyota ya Kaskazini haionekani, ndiyo chombo kinachoweza kumwonyesha, kwa kutazama nyota za sehemu nyingine ya anga, iwapo mhimili wa mtambo wake umeelekea panapostahili.

Ukubwa gani unatosha?

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa darubini elekezi kubwa ndiyo bora. Programu huweza kukadiria kitovu cha nyota kwa usahihi wa sehemu ndogo ya pikseli, takriban moja ya tano hadi moja ya kumi. Kwa hiyo darubini elekezi inaweza kuwa fupi kuliko lenzi kuu na bado ikaona makosa madogo.

Ili kujua kama kifaa kitakufaa, fanya hesabu hii. Chukua ukubwa wa pikseli ya kamera kwa maikromita, zidisha kwa 206, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Jibu ni idadi ya sekunde za tao zinazofunikwa na pikseli moja. Fanya hivyo kwa kamera kuu, kisha kwa kamera elekezi, halafu linganisha. Inapendekezwa kwamba namba ya kamera elekezi isizidi mara nne au tano ya namba ya kamera kuu.

Mfano wa kwanza ni wa mtu mwenye lenzi ya milimita 200 na kamera yenye pikseli za maikromita 4.3. Jibu lake ni sekunde za tao 4.4. Darubini elekezi ndogo yenye kipenyo cha milimita 30 na urefu wa fokasi wa milimita 120, ikiwa na kamera yenye pikseli za maikromita 3.75, hutoa jibu la 6.4. Tofauti haifiki hata mara mbili. Kifaa hicho kinamtosha kabisa, na akinunua kikubwa zaidi ataongeza uzito bila faida.

Mfano wa pili ni wa mtu mwenye darubini kuu ya milimita 1,000 na kamera yenye pikseli za maikromita 3.76. Jibu lake ni 0.78. Darubini elekezi ileile ya milimita 120 sasa iko nyuma kwa zaidi ya mara nane, na picha zitamsumbua. Huyu anahitaji darubini elekezi ya milimita 240 hivi, ambayo hupunguza tofauti hadi takriban mara nne. Njia nyingine ni kutumia kipande kidogo cha kioo kinachochukua sehemu ya mwanga ndani ya darubini kuu na kuupeleka kwenye kamera elekezi.

Darubini elekezi fupi ina faida nyingine. Huona eneo kubwa la anga, mara nyingi zaidi ya digrii 2 kwa upana, ambayo ni zaidi ya mara nne ya upana wa Mwezi. Karibu kila inapoelekezwa, itapata nyota za kufuata.

Katika kuchagua kamera elekezi, pendelea ile inayopiga kwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu hushika nyota hafifu vizuri zaidi kuliko ya rangi. Haihitaji kuwa na pikseli nyingi. Katika maduka ya nje, darubini elekezi ya milimita 30 huuzwa kwa dola 100 hivi, na kamera ndogo ya kuongozea kwa dola 150 hivi, kabla ya usafirishaji na ushuru.

Uimara ni muhimu kuliko kioo

Darubini elekezi hufanya kazi kwa dhana moja: kwamba inatazama upande uleule na lenzi kuu, na kwamba hali hiyo haibadiliki usiku kucha. Ikiwa imefungwa kwa skrubu zilizolegea au kwa kipande cha plastiki kinachopinda, itaanza kuinama taratibu kadiri mtambo unavyozunguka. Programu itaamini kuwa nyota imesogea, na itaurekebisha mtambo kwa kosa ambalo halipo. Grafu itaonekana nzuri, ilhali picha itakuwa na michirizi.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kioo kikubwa, lipia vifungio vya chuma. Hakikisha kwamba sehemu ya kulengea haichezi, kwamba kamera elekezi imekazwa, na kwamba nyaya zimefungwa kwenye mwili wa mtambo badala ya kuning'inia. Waya unaovutwa na upepo hutosha kuharibu picha ya dakika tatu. Shika darubini elekezi kwa vidole na ujaribu kuitikisa. Ikicheza mkononi mwako, itacheza pia angani.

Maswali mawili ya kumuuliza muuzaji

Swali la kwanza: mtambo huu unaweza kulala hadi digrii 0? Kwenye Ikweta, mhimili wa Dunia ni sambamba na ardhi, hivyo mhimili wa mtambo lazima ulale karibu kabisa. Mitambo kadhaa inayouzwa sana imetengenezwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, na huishia kwenye digrii 5 au 10. Mtambo wa namna hiyo ukiletwa Kasese hauwezi kuelekezwa ipasavyo kama ulivyo, na hakuna darubini elekezi itakayouponya.

Aliyekwisha kununua mtambo kama huo bado ana njia. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kabari ya chuma ya kuwekwa kati ya stendi na mtambo ili kuuinamisha kwa digrii zinazopungua. Kufupisha mguu mmoja wa stendi nako husaidia, lakini uzito huhama na stendi huweza kuanguka. Vilevile, mtambo unapolala kiasi hicho, vizito vya kusawazisha huweza kugonga mguu wa stendi. Uzungushe kwa mkono mchana, pande zote, kabla ya kuuwasha usiku.

Swali la pili: mtambo hupokea marekebisho kwenye mihimili mingapi? Mitambo midogo mingi ya kubebeka hurekebishwa kwa upande wa mashariki na magharibi pekee. Darubini elekezi haiwezi kuisogeza kaskazini au kusini. Mwenye mtambo wa namna hiyo anapaswa kuuelekeza kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Hatua kwa hatua: kuelekeza mtambo bila Nyota ya Kaskazini

Anza kabla ya giza. Weka stendi juu ya ardhi ngumu na uisawazishe. Elekeza mhimili kaskazini kwa kutumia dira, ukikaa mbali na mabati, magari na nondo ambazo huivuta sindano. Kisha chukua pimamaji, kilekile anachotumia fundi mwashi, na ukiweke sambamba na mhimili wa mtambo. Kwa kuwa Kasese na Bwera ziko karibu sana na Ikweta, mhimili ukiwa umelala sawa na pimamaji, urefu wake huwa karibu sahihi. Huu ni urahisi ambao mtu wa London hana.

Giza kamili huingia takriban saa 2 na robo usiku. Washa mtambo, lenga nyota kwa darubini elekezi, na uhakikishe kuwa inaonekana kama nukta ndogo. Kisha fuata utaratibu wa kupima mteremko wa nyota, ambao umo ndani ya PHD2.

Kwanza, lenga nyota iliyo karibu na utosi. Acha mtambo ufuatilie, lakini zima marekebisho. Tazama mstari unaoonyesha kusogea kwa nyota kuelekea kaskazini au kusini. Ukipanda au kushuka, mhimili umekosea kushoto au kulia. Geuza kidogo skrubu ya upande, kisha tazama tena. Mteremko ukipungua, endelea kuelekea huko. Ukiongezeka, rudi. Lengo ni mstari uliolala.

Pili, lenga nyota iliyo mashariki au magharibi, takriban digrii 30 juu ya upeo wa macho. Rudia kazi ileile, safari hii ukigusa skrubu ya kupandisha na kushusha mhimili. Kisha rudi kwenye nyota ya utosini kuthibitisha, kwa sababu skrubu moja huweza kuvuruga nyingine.

Ili kuelewa umuhimu wa hatua hii, fikiria mhimili uliokosea kwa digrii 1 tu. Nyota inaweza kuteremka kwa takriban sekunde 16 za tao kila dakika, sawa na pikseli tatu na nusu kwa lenzi ya milimita 200. Kosa likipunguzwa hadi sehemu moja ya kumi na mbili ya digrii, mteremko huwa chini ya sekunde mbili za tao kwa dakika.

Wenye kompyuta na mitambo inayojiendesha wanaweza kutumia programu zinazotambua nyota katika picha na kukokotoa kosa la mhimili kutoka sehemu tatu za anga. Programu ya N.I.N.A., ambayo nayo hutolewa bure, ina nyongeza ya aina hiyo. Epuka njia zinazohitaji kamera ielekezwe karibu na ncha ya anga, kwani kwa Kasese na Bwera ncha hiyo imo ndani ya mlima au vumbi.

Kuanza kuongoza

Baada ya kuelekeza mtambo, programu huhitaji kujifunza jinsi amri zake zinavyousogeza. Fanya zoezi hilo ukiwa umelenga karibu na Ikweta ya anga, yaani si mbali na utosi. Kisha nenda kwenye shabaha yako na uanze kuongoza.

Weka muda wa kamera elekezi kuwa sekunde 2. Ukiweka muda mfupi mno, programu itakimbizana na mtikisiko wa hewa, na kila nyota itakapometameta itadhani imesogea. Ukiweka muda mrefu mno, makosa ya gia yatapita kabla hayajarekebishwa.

Programu hutoa namba ya wastani wa makosa kwa sekunde za tao. Ilinganishe na namba ya kamera kuu uliyoikokotoa awali. Kwa lenzi ya milimita 200 yenye 4.4, wastani wa sekunde 2 za tao ni mzuri, na hakuna haja ya kupoteza usiku ukitafuta 0.5. Namba hiyo ikiwa kubwa kuliko ya kamera kuu, angalia kwanza uwiano wa uzito, nyaya na upepo kabla ya kubadilisha vipimo vya programu.

Mambo ambayo darubini elekezi haiwezi kuyafanya

Darubini elekezi haifuti kosa la kuelekeza mhimili. Ikiwa mhimili umekosea, programu itaishikilia nyota moja mahali pake, lakini nyota nyingine zitazunguka polepole kuizunguka hiyo. Picha itakuwa na nyota kali upande mmoja na vijitao kwenye pembe.

Aidha, haizuii umande. Usiku wa Bwera, kioo kidogo huweza kufunikwa na ukungu na nyota zikapotea ghafla kwenye kompyuta. Kizibo kirefu kilichokunjwa kwa kipande cha godoro au karatasi ngumu na kufungwa mbele ya kioo huchelewesha umande. Mkanda wa kupasha joto unaotumia betri ni bora zaidi.

Pia haiponyi anga lenye mawingu au moshi. Majira yenye matumaini makubwa ni miezi ya Desemba hadi Februari, na Juni hadi Julai, kati ya misimu ya mvua. Hata hivyo, wakati wa kiangazi moshi wa uchomaji nyasi huweza kulififisha anga. Usiku mzuri mara nyingi ni ule unaofuata mvua ya ghafla iliyoisafisha hewa.

Katikati ya Desemba, wingu la gesi la Orioni hufika karibu na utosi mnamo saa 7 usiku, na kufikia mwishoni mwa Januari hufika mnamo saa 4 usiku. Ni shabaha inayofaa kwa anayeanza, kwa kuwa ni angavu na hupita juu kabisa. Mwezi Juni na Julai, kitovu cha Njia ya Maziwa hupanda juu sana upande wa kusini. Panga kazi yako karibu na siku za mwezi mwandamo, wakati anga halina mwanga wa Mwezi.

Usalama na majirani

Kukaa nje usiku na bomba lililoelekezwa angani, nyaya na taa nyekundu si jambo la kawaida, hasa mpakani. Juni 16, 2023, Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, jirani na Bwera, ilishambuliwa usiku na watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Serikali ililitaja kundi la waasi la ADF kuwa ndilo lililohusika. Familia nyingi bado zinaishi na majonzi hayo, na doria za usiku zina sababu.

Kwa hiyo mjulishe mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya usiku wa kazi. Waonyeshe vifaa mchana, waache watazame kupitia darubini, na uwaeleze utakuwa wapi na kwa muda gani. Beba kitambulisho. Usitumie mwanga wa leza kuelekeza nyota, kwani huweza kutafsiriwa vibaya, na ni hatari kwa marubani. Mahali salama zaidi ni uani kwako, ukiwa na mtu mwingine.

Jiepushe pia na kwenda peke yako kwenye viwanja vya wazi vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth kwa kutafuta giza. Tembo hutoka hifadhini usiku na kuingia mashambani, na viboko hutoka majini kula nyasi. Giza la uani linatosha kwa kuanzia, mradi taa za nje zimezimwa na vioo vimekingwa dhidi ya mwanga wa jirani.

Je, kila mtu anaihitaji?

Hapana. Mwenye lenzi pana ya milimita 14 hadi 35, anayetaka picha ya Njia ya Maziwa juu ya Rwenzori, anaweza kutumia stendi pekee na kuacha kamera wazi kwa sekunde 10 hadi 20. Mwenye lenzi ya milimita 50 hadi 85 anaweza kutosheka na mtambo mdogo ulioelekezwa kwa dira na pimamaji, akipiga picha nyingi fupi na kuziunganisha baadaye kwa kompyuta.

Kuanzia milimita 135 hadi 200 na kuendelea, darubini elekezi huanza kurudisha gharama yake. Kwa mwenye bajeti ndogo, utaratibu wa ununuzi unaofaa ni huu: kwanza mtambo unaolala hadi digrii 0 na unaopokea marekebisho kwenye mihimili yote miwili, pili vifungio imara, tatu darubini elekezi ndogo na kamera yake, na mwisho kabisa lenzi au darubini kubwa zaidi. Wengi huanza na cha mwisho kwa sababu ndicho kinachopendeza dukani.

Anayetaka kujaribu kabla ya kutumia fedha anaweza kupakua PHD2 na kuifanyia mazoezi kwa kifaa cha kuigiza kilichomo ndani yake, bila mtambo wala darubini. Mikono ikishazoea skrubu na vitufe, usiku wa kwanza wenye anga safi hautapotea katika kusoma maelekezo.